Stendi ya webkamu ya kujitengenezea: lenzi ikae usawa wa macho, picha isicheze

#1 Mpima Jicho
Wakuu, salaam. Tujadili stendi ya kusimamisha webkamu usawa wa macho. Iliyopo mezani ni hii: bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la mm 20, limesimama sm 46 nyuma ya laptopu. Chini limepachikwa kwenye plaiwudi ya mm 12, mraba wa sm 15. Juu kuna elbo, kisha mkono wa sm 25 unaokuja mbele juu ya skrini. Kamera ni Logitech C270, imeng'ang'ania mwisho wa mkono kwa kibanio chake.

Kasoro ni mbili. Ukichapa, picha inacheza. Na ukigusa waya wa kamera kidogo tu, mzigo wote unalala kifudifudi juu ya kibodi. Dai langu: PVC ni laini mno kwa kazi hii, dawa yake ni bomba la chuma la mraba la nusu inchi, lichomelewe. Anayepinga aje na sababu.

#2 Mzee wa Zege
Napinga. Ugonjwa uko kwenye kitako. Chukua kopo tupu la rangi la lita 1, saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, maji kidogo, mchanganyiko usiwe uji. Kabla ya kumimina, toboa bomba upande hadi upande, sm 2 kutoka mwisho wa chini, upitishe msumari wa inchi 3. Usipoweka msumari bomba litazunguka ndani ya zege baada ya wiki, kwa sababu PVC haishikani na saruji. Likisimama wima, lifunge kwa kamba pande tatu mpaka kesho yake. Funika kwa kitambaa kibichi siku tatu. Utapata kitako cha kilo 2 na ushee.

#3 Futikamba
Mzee wa Zege yuko sahihi kuhusu kuanguka, ila tuweke hesabu ili mtu aone kwa nini.

Plaiwudi ya sm 15 × 15 × 1.2 ina uzito wa gramu 160 hivi. Bomba la wima, gramu 60. Jumla 220, na zinavuta kutoka katikati, yaani sm 7.5 kutoka ukingo wa mbele: 220 × 7.5 = 1650. Upande wa pili kuna kamera ya gramu 75 hivi, iko sm 17.5 nje ya ukingo: 1312. Ongeza mkono wenyewe, gramu 32 kwa sm 5: 160. Jumla 1470 na kitu. Tofauti ni 180 tu. Gawa kwa kimo cha sm 46, unabaki na gramu 4. Waya ukivuta kwa nguvu ya gramu 4 kule juu, stendi inalala. Waya wa USB uliojikunja unavuta zaidi ya hapo bila kuguswa na mtu.

Kwa hiyo hata ukihamia chuma, kama kitako ni kilekile na mkono ni uleule, utaendelea kuokota kamera kwenye kibodi. Mkono wa chuma ni mzito zaidi, hali itakuwa mbaya kuliko sasa.

#4 Mpima Jicho
Gramu 4! Asante mkuu, hapo nimeelewa. Bado kucheza kwa picha.

#5 Mama Tupa
Kabla ya zege, kuna hatua ya dakika mbili. Shusha waya sambamba na bomba, ufunge kwa tai za plastiki mahali patatu: chini kidogo ya elbo, katikati, na sm 3 juu ya kitako. Kati ya kamera na tai ya kwanza acha kitanzi kilegevu, kipana kama kiganja. Hapo mtu akivuta waya, mvuto unaishia chini kwenye kitako, na kule chini hauna nguvu ya kuangusha. Usikaze tai mpaka ganda la waya lijipinde. Nyuzi za ndani zikikatika kamera itakuwa inapotea na kurudi, na utahangaika na programu bure.

#6 Lenzi ya Pwani
Mimi nauliza swali lililorukwa: nani amesema lenzi ikae usawa wa macho hasa?

Mnaongea na mtu aliye kwenye skrini. Macho yako yanamtazama yeye, hayatazami lenzi. Pembe kati ya lenzi na macho ya mtu aliye kwenye skrini ndiyo inayoamua kama ataona unamwangalia. Mwaka 2002, Milton Chen wa Chuo Kikuu cha Stanford alipima jambo hili na kukuta kwamba watu hawalioni kwa usawa pande zote. Mtu akitazama chini ya lenzi kwa nyuzi kama 5 hivi, anayemtazama bado anahisi wanaonana ana kwa ana. Akitazama pembeni, au juu ya lenzi, hata kidogo tu kunaonekana mara moja.

Ukikaa sm 60 kutoka kwenye lenzi, nyuzi 5 ni sm 5.2. Ukikaa sm 80 ni sm 7. Maana yake lenzi iwe juu ya macho ya mwenzako kwenye skrini, isizidi hapo, na iwe katikati kabisa kulia na kushoto. Kosa la sm 3 pembeni linaumiza kuliko kosa la sm 5 kwenda juu.

#7 Nyundo Kavu
Dada Lenzi, hapo unachanganya mambo mawili. Usawa wa macho ni suala la sura. Kamera ikiwa chini, kama ile ya laptopu iliyowekwa mezani, inaonyesha kidevu, matundu ya pua na feni ya dari. Ikiwa juu sana, paji la uso linakuwa pana na mtu anaonekana mfupi. Kutazamana ni suala jingine. Unaweza kupata moja ukakosa la pili.

#8 Lenzi ya Pwani
Nakubali ni mawili, Nyundo. Lakini stendi ni moja na tundu utalitoboa mara moja. Ndiyo maana nasema chagua kimo kinachotumikia yote mawili: lenzi sm 2 hadi 5 juu ya macho yako, kisha sogeza dirisha la mazungumzo lipande mpaka juu kabisa kwenye skrini, chini ya lenzi. Kusogeza dirisha hakuhitaji msumeno.

#9 Futikamba
Na kimo kipimwe vizuri. Wengi wanajipima wamekaa kama wanapigwa picha ya pasipoti. Kaa, fanya kazi dakika 20 mpaka mgongo ulegee, ndipo mwenzako apime kutoka juu ya meza hadi kona ya jicho. Tofauti hufika sm 3 au 4. Meza ya sm 75 na kiti cha sm 45, watu wazima wengi huangukia kati ya sm 40 na 50 juu ya meza. Kata bomba likiwa na ziada. Bomba refu linapunguzwa, fupi halirefuki.

#10 Jua Kali Eastlands
Hamjambo, mimi niko Nairobi. Kwa nini mjenge kitu ambacho tayari kipo? Stendi ya maikrofoni ya kanisani au ya bendi iliyoharibika kichwa, kitako cha chuma cha duara, inasimama sakafuni wala haigusi meza. Mnachapa mpaka kesho, kamera haijui. Kimo kinarekebishwa kwa kuzungusha shingo. Tatizo ni nyuzi za skrubu ya juu tu: stendi nyingi za maiki zina 5/8 yenye nyuzi 27 kwa inchi, nyingine 3/8 yenye nyuzi 16. Tundu la kamera ni robo inchi yenye nyuzi 20. Kuna kipande kidogo cha kugeuzia kinauzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki.

#11 Mama Tupa
Wazo zuri kaka, lakini soma #1 tena. C270 haina tundu la skrubu chini. Ina kibanio tu. Hicho kipande cha kugeuzia kitashika nini?

#12 Jua Kali Eastlands
Kweli, hilo lilinipita. Basi juu ya stendi afunge kibao kidogo.

#13 Mzee wa Plaiwudi
Hapo ndipo penyewe. Kibanio cha C270 kimetengenezwa kung'ata ukingo wa skrini. Ukikilazimisha kwenye bomba la duara kinagusa mahali pawili tu, kama mtu aliyepanda punda bila kushika, na hapo kila mtikisiko unaongezeka. Mpe kamera ukingo wa bandia: plaiwudi ya mm 6, upana sm 10, kimo sm 6, ikisimama wima kama kifuniko cha laptopu. Piga msasa ukingo wa juu, bandika kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli upande wa mbele na wa nyuma. Kwenye bomba, ifunge kwa bolti mbili za mm 5 zinazopita bomba zima, na washa pana kila upande. Bolti moja haitoshi, kibao kitageuka kama dira.

Usikaze nati mpaka bomba libonyee. PVC iliyobonyea hupasuka yenyewe baadaye.

#14 SkrubuTatu
Kwa wenye kamera zenye tundu, mfano C920: usitumie bolti ya M6 eti kwa sababu inaingia. Inaingia kwa kuwa ni nyembamba, mm 6 dhidi ya mm 6.35. Nyuzi zake zimepishana mm 1.0, za kamera zimepishana mm 1.27. Itazunguka mara mbili itakwama, na ukilazimisha umekula nyuzi za kamera.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe bolti ya robo inchi, zile za kufungia mabati na mifereji ya maji. Nyingi ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza, Whitworth.

#15 Nyundo Kavu
Whitworth si UNC mkuu, yaani kipimo cha Marekani kilicho kwenye tundu la kamera. Pembe ya jino ni digrii 55, UNC ni 60. Unamkataza M6 halafu unampa ugonjwa mwingine.

#16 SkrubuTatu
Pembe ni tofauti, sawa, lakini idadi ya nyuzi ni ileile, 20 kwa inchi, na kipenyo kilekile cha robo. Tripodi za zamani zilikuwa na Whitworth hasa, ndiko kipimo hiki kilikotoka. Kwa kushika gramu 160 kwa vidole, inaingia mpaka mwisho bila kukwaruza. Kinachoua kamera ni urefu: kinachochomoza juu ya kibao kisizidi mm 4 na nusu. Bolti ndefu inasukuma sakafu ya tundu, na juu ya sakafu hiyo kuna saketi. Ikizidi, ongeza washa.

#17 Nyundo Kavu
Kwa mzigo huo napunguza sauti. Kwa kamera nzito ya picha ningebaki nilipokuwa.

#18 Mpima Jicho
Wadau, tumepata kitako, waya, kibao. Picha kucheza je? Nilisema ni ulaini wa PVC. Kuna anayekubali?

#19 Mchomeleaji wa Gerezani
Mimi nakubali nusu. Bomba linapinda, ila unene si hoja kubwa kuliko urefu. Mkono unaoning'inia ukiukata nusu, kupinda kunapungua mara nane, kwa sababu urefu unazidishwa kwa wenyewe mara tatu (2 × 2 × 2 = 8). Kutoka mm 20 kwenda mm 25 unapata ugumu kama mara mbili tu. Sasa niambie mkono wa sm 25 ni wa nini? Kifuniko cha laptopu kimelala nyuma. Cha sm 22 kikilala nyuzi 20 kutoka wima, ukingo wake wa juu unarudi nyuma sm 7 na nusu. Simamisha bomba moja kwa moja nyuma ya huo ukingo, kamera ikae juu yake tu. Mkono hauhitajiki hata kidogo.

Na ukiondoa mkono hesabu ya #3 inabadilika yote, hata plaiwudi yako itasimama, mradi iongezwe upana kidogo.

#20 Mzee wa Zege
Zege bado liwekwe.

#21 Futikamba
Mzee wangu, wewe hata ugali ungeuwekea nondo. Lakini ndiyo, liwekwe.

#22 Dada Kebo
Nina maelezo tofauti kabisa. Mtu akisema "picha inacheza" lazima umuulize: kingo za vitu zinatikisika, au kuna mistari ya giza inayopanda na kushuka? La pili halina uhusiano na stendi. Umeme wetu Tanzania, Kenya, Uganda ni wa hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ikiwa imewekwa hezi 60, kama ilivyo kwa nyingi zinapotoka kiwandani, inapokea mwanga kwa muda usiogawanyika na mpepeso huo, na mistari inatembea. Taa za LED za bei ya chini ndizo zinazopepesa zaidi. Kwenye mipangilio ya kamera tafuta kipengele cha masafa ya umeme, weka 50. Anayetumia Linux:

v4l2-ctl -c power_line_frequency=1

Hiyo 1 ni hezi 50, 2 ni 60. Walioko Marekani au Saudia waweke 2. Oman ni 50 kama sisi.

#23 Kamera Tuli
Mimi naona ni fokasi. Kamera inatafuta fokasi, picha inavuta na kuachia, inaonekana kama inatikisika. Zima fokasi ya kujiendesha.

#24 SkrubuTatu
C270 haina fokasi ya kujiendesha, lenzi yake imefungwa kiwandani. Ushauri wako unafaa kwa C920. Kwa kamera hiyo ya C920, kwenye Linux kipengele kinaitwa focus_automatic_continuous, kwenye matoleo ya zamani focus_auto. Weka 0.

#25 Kamera Tuli
Asante kwa kusahihisha. Basi niongeze hili: mwanga ukiwa hafifu kamera huongeza muda wa kupokea mwanga, na kila mtikisiko mdogo unageuka ukungu. Meza ileile, stendi ileile, mchana hauoni kitu, usiku picha inaogelea. Sogeza taa kwanza, iwe mbele yako, pembeni kidogo ya kamera, juu ya macho.

#26 Mzee wa Plaiwudi
Hakuna aliyeigusa meza. Meza nyingi za kisasa ni mbao za unga zilizobandikwa karatasi, miguu imefungwa kwa skrubu nne. Ukichapa, meza nzima inayumba mbele na nyuma, na stendi ya sm 46 inaukuza huo myumbo kwa juu. Kipimo: weka bilauri ya maji iliyojaa pembeni ya stendi, chapa kama kawaida. Maji yakiweka mawimbi, lawama si ya bomba. Piga mhimili wa mshazari nyuma ya meza, kipande cha mbao cha 1 × 2 kutoka mguu wa kushoto juu hadi wa kulia chini.

#27 Jua Kali Eastlands
Au weka stendi sakafuni, kama nilivyosema #10.

#28 Mama Tupa
Kwa meza inayotikisika, kata soli ya kandambili vipande vinne vya sm 3, viweke chini ya kitako. Mtikisiko unafia hapo.

#29 Mchomeleaji wa Gerezani
Bibie, hapo sikubaliani. Kitu kirefu juu ya miguu laini kinakuwa mnazi. Mitikisiko ya harakaharaka ya vidole itapungua, lakini kitaanza kuyumba polepole kila ukigusa meza, na huo myumbo unachukua muda kutulia. Bora kitako kigumu kikae mezani moja kwa moja, na bomba lijazwe mchanga mkavu uliochekechwa. Jaza kidogo kidogo ukigonga ubavu, ziba juu kwa kizibo na gundi. Mchanga ndio unaokula mtikisiko.

#30 Mama Tupa
Miguu laini inayumba kitako kikiwa chepesi na chembamba. Juu ya soli weka kilo 2 za Mzee wa Zege, na vipande vinne vikae kwenye pembe za ubao mpana wa sm 22 ulio chini ya kopo, visikusanywe katikati. Mchanga wako unasaidia bomba, hausaidii meza. Mtikisiko unaotoka mezani unaingia wote.

#31 Lenzi ya Pwani
Nje ya mada kidogo: kuna anayejua ile njia ya kioo? Skrini inalala chali, kioo cha kawaida kinachopitisha mwanga kinasimama nyuzi 45 juu yake, kamera nyuma ya kioo. Unatazama mtu na lenzi kwa pamoja, pembe ni sifuri.

#32 Nyundo Kavu
Inafanya kazi, ila kioo cha kawaida kinarudisha karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga, skrini lazima iwe kali na chumba kiwe na giza upande wa kamera. Kioo cha dirisha cha mm 3 kinatoa taswira mbili zilizopishana, moja ya uso wa mbele na moja ya nyuma, maandishi yanasumbua. Na kila kitu kinasomeka kinyume, utahitaji programu ya kugeuza skrini. Nyuma ya kioo funika boksi jeusi. Anzisha uzi wake, ni somo refu.

#33 Mpima Jicho
Mrejesho. Nimekata mkono, kamera iko kwenye kibao cha plaiwudi cha mm 6 juu ya bomba la wima, waya umefungwa mahali patatu. Haianguki tena, hata kabla ya zege. Hezi 50 imewekwa, mistari ya usiku imeondoka, kwa hiyo Dada Kebo alikuwa na sehemu yake. Bilauri: maji yanatikisika nikichapa upande wa kulia wa kibodi, upande wa kushoto yametulia. Picha bado inacheza kidogo, upande wa kulia zaidi.

#34 Mzee wa Plaiwudi
Nilisema. Mguu wa kulia wa meza.

#35 Mchomeleaji wa Gerezani
Au laptopu yenyewe. Angalia miguu ya mpira chini yake, mmoja ukitoka, kona hiyo inagonga meza kila herufi. Weka karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya kona ya kulia, chapa, utazame bilauri tena kabla hujagusa skrubu yoyote ya meza.

#36 Kamera Tuli
Kipimo hicho ukifanye mchana na usiku. Ikicheza usiku tu, rudi #25.

#37 Mzee wa Zege
Na uniambie kopo lilipatikana la lita ngapi. Likiwa la lita 4, usilijaze. Mimina sm 5 tu za chini, upana wake unatosha, na msumari uupitishe sm 2 kutoka mwisho wa chini kama nilivyosema, usije ukabaki juu ya zege.